Utepe wa Mama Birika

Kosa lenyewe ni hili, na ni afadhali litajwe mapema. Mtoto aliyelelewa na Mama Birika tangu ana miaka saba alisimama mbele ya Mkuu wa chuo cha hatimkato, akaulizwa kama mama huyo anajua kuandika kwa mashine, akajibu, "Huyo? Huyo hufuta vumbi tu." Kisha akacheka. Mkuu naye akacheka. Mama Birika alikuwa nje ya mlango na trei mkononi, vikombe viwili na birika, na hakuna kikombe kilichogongana na mwenzake.

Imepita miaka miwili na miezi kadhaa. Kosa la namna hiyo husahaulika upesi, hasa na aliyelitenda.

Chuo kilikuwa juu ya jengo la ghorofa moja, ngazi kumi na tisa kutoka barabarani. Chini, ubavuni mwa mlango, palikuwa na kibanda cha fundi viatu. Nyuma ya ngazi palikuwa na stoo ya mifagio, ndoo, na vitu ambavyo chuo hakivitaki lakini hakina moyo wa kuvitupa. Juu palikuwa na darasa moja refu, ofisi ya Mkuu, na jiko la kuchemshia chai ambalo watu wawili hawawezi kupishana ndani yake bila kuombana radhi. Mama Birika aliajiriwa kufagia, kupiga deki na kupeleka chai. Jina hilo walimpa wanafunzi. Lake la kuzaliwa hakuna aliyewahi kuliuliza, na yeye hakuwahi kulitoa bila kuulizwa.

Mashine ya hatimkato si kama taipureta. Ina vitufe ishirini na viwili tu, navyo ni vitupu, havina herufi hata moja. Mwandishi habonyezi kimoja kimoja. Hukandamiza kadhaa kwa pamoja, kama mtu anayekamua kitambaa, na kila pigo hutoa silabi nzima. Nyuma hutoka utepe wa karatasi, upana wa vidole vitatu, unaojikunja wenyewe ndani ya kisanduku. Mashine haikuulizi neno linaandikwaje. Inakuuliza umesikia nini.

Kila muhula mpya wanafunzi waliingia na vyeti vyao vya sekondari kwenye bahasha, wakakaa, wakavitazama vile vitufe vitupu, na nyuso zikawashuka. Mama Birika alikuwa akipita na deki nyuma yao. Shule yeye aliiona kwa nje, siku alizokuwa akipeleka maziwa nyumbani kwa walimu. Jina lake alilijua kwa kulichora tu. Lakini kila alipowaona wale wenye vyeti wamekodoa macho, alisema moyoni: haya, leo tumekuwa sawa.

Alijifunza kama mtu anavyoonja mchuzi usio wake. Alipokuwa akipangusa mashine jioni, alibonyeza kitufe kimoja, akaona alama imetokea kwenye utepe, upande wa kushoto kabisa. Kesho yake akabonyeza viwili. Akagundua kwamba kila kitufe kina kiti chake kwenye ule utepe na hakikai kwa mwenzake hata siku moja. Herufi hakuzijua kwa majina, ila alizijua kwa viti vyao, kama unavyoingia kwenye chumba cha watu unaowazoea ukajua ni nani hajaja. Mwalimu alipokuwa akifundisha, ukumbi wa nje ulichukua saa nzima kufagiwa. Zamani ulichukua dakika kumi.

Stooni mlikuwa na mashine mbovu iliyosahaulika. Kitufe chake cha kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, kilikuwa kizito mpaka ukitie nguvu. Mama Birika aliipangusa, akaisimamisha kwenye miguu yake mitatu, akaomba mabaki ya tepe zilizotumika, na kila asubuhi kabla mlango wa juu haujafunguliwa alikaa pale na redio ndogo, akaandika taarifa ya habari.

Aliyejua ni fundi viatu peke yake, kwa sababu ukuta ulikuwa wa mbao.

"Leo ulikatika mara mbili," alimwambia siku moja, misumari ikiwa mdomoni.

"Kumbe unahesabu?"

"Sihesabu, nasikia. Mtu aliyegonga nyundo miaka thelathini anajua mkono unaposita."

"Msoma habari kataja jina refu la mtu. Nikawa nalitafuta."

"Ungeliacha liende zake. Lilikuwa linakuja kwako?"

Mama Birika alicheka siku nzima kwa jibu hilo, lakini alilishika. Na alipokuja kumwambia mtu mwingine, hakuacha kutaja: kama asemavyo fundi wa chini, jina lililokupita liache liende zake. Ndivyo alivyozoea. Ukiazima ndoo ya jirani, unasema ni ya jirani.

Sasa huyo mtoto.

Alikuwa mtoto wa mdogo wake Mama Birika, na mdogo mtu alipofariki, mtoto akaletwa na mfuko mmoja wa nguo na mdomo usiofunga. Alisema tangu akiamka mpaka akilala, na usingizini pia. Mama Birika akamwita Chiriku. Walikaa chumba kimoja, kitanda kimoja, mama mkubwa upande wa ukutani kwa sababu mtoto aliogopa ukuta. Chiriku alipomaliza shule na kukaa nyumbani mwaka mzima akitazama dari, Mama Birika alipanda ngazi kumi na tisa, akasimama mbele ya meza ya Mkuu, akamwombea nafasi. Mkuu akakubali, mradi usafi ufanyike na Jumapili. Ukafanyika na Jumapili.

Asubuhi ya kwanza, walipofika ngazi ya katikati, Chiriku alisimama.

"Mamkubwa, huku juu tusiitane."

"Tusiitane vipi?"

"Mimi nisikuite mamkubwa, wewe usiniite Chiriku. Watu watasema."

"Watasema nini?"

"Watasema tu, mamkubwa. Wewe unawajua watu."

Mama Birika akaona ni aibu ya ujana, itaisha kama surua. Akapanda akiwa mbele, mtoto nyuma, kama watu wasiojuana.

Chiriku alienda vizuri mpaka maneno themanini kwa dakika. Hapo akanasa. Mtihani ulitaka mia na ishirini. Mwezi wa kwanza themanini, mwezi wa tatu themanini, mwezi wa tano sabini na sita. Jioni moja alijitupa kitandani na viatu miguuni.

"Mimi siwezi, mamkubwa. Vidole vyangu si vya kazi hii. Niache nikauze vocha."

"Vua viatu kwanza, ndipo ukauze."

"Sitanii."

"Na mimi sitanii, shuka nimefua jana. Kesho tunatoka mapema, mimi na wewe."

Hivyo ndivyo yalivyoanza mafunzo ya alfajiri. Darasa tupu, viti vimepandishwa juu ya meza, harufu ya sabuni ya deki. Chiriku kwenye mashine karibu na dirisha, na Mama Birika akizunguka na kitambaa cha vumbi. Kusoma vitabu kwa sauti hakuweza, basi alisimulia. Alisimulia foleni ya maji, ugomvi wa wapangaji wawili juu ya kamba ya kuanikia, namna mama yake Chiriku alivyowahi kuficha kuku ndani ya kabati akamsahau. Mwendo aliupima kwa kile kitambaa: kikienda juu ya meza na kurudi, maneno mawili. Akitaka themanini, alipangusa polepole. Akitaka mia, mkono uliruka. Saa ya ukutani ilipokuja kuwahakiki, ilikuta wamekosea kwa maneno mawili au matatu tu.

Na alimwambia mambo, bila kuyapanga, kadiri yalivyomjia.

"Kata kucha. Kucha inafika kwenye kitufe kabla kidole hakijafika."

"Shusha mabega. Hiyo mashine ina miguu yake mitatu, nani kakutuma uibebe?"

Chiriku alipokosea alisimama, akautazama utepe, akasonya, na maneno kumi yakampita akisonya. Mama Birika aliweka kitambaa chini.

"Sikiliza. Mimi napanda hapa na trei kila siku. Chai ikimwagika ngazi ya kumi, huwa nasimama kuiangalia?"

"Sijui."

"Nikisimama nitamwaga na iliyobaki. Napeleka vikombe vilivyo na chai, halafu ndiyo narudi na kitambaa. Kosa umeshalimwaga. Peleka vilivyobaki, utarudi kufuta."

Siku nyingine: "Unamkimbilia msemaji kama unamdai. Mwache atangulie maneno mawili. Mfuate kama unavyomfuata mtu kwenye umati, umwone mgongo wake, usimkanyage kisigino."

Siku nyingine, alipomkuta Chiriku amejitungia vifupisho hamsini kwa usiku mmoja na asubuhi hakumbuki hata kimoja: "Vitano kwa wiki vinatosha. Wageni hamsini wakiingia kwako kwa mpigo, utakumbuka jina la nani?"

Alimfundisha pia kupanda juu ya uwezo wake na kushuka. Dakika mbili za maneno mia na kumi, makosa yawe mengi kama mchanga, hakuna kujali. Kisha tisini. Na ile tisini iliyokuwa ikimtoa jasho ikawa kama mtu anayetembea baada ya kukimbia. Walifanya nusu saa kila siku, hata siku Chiriku alipokuwa na homa, kwa sababu Mama Birika alijua sakafu iliyoachwa wiki nzima haikubali kupigwa deki mara saba Jumamosi. Na kabla chai haijapoa, utepe usomwe.

Kusoma utepe ilikuwa desturi kuu ya chuo kile. Kila Ijumaa wanafunzi walibadilishana tepe, kila mmoja akasimama na wa mwenzake, akausoma kwa sauti mbele ya darasa. Maana maandishi yanayosomwa na aliyeyaandika peke yake hayafai mahakamani wala bungeni. Msomaji akifika mwisho bila kukwama, humrudishia mwandishi utepe wake kwa mikono miwili na kusema neno moja: "Imesomeka." Baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kubisha. Aliyetamka ameshuhudia.

Chiriku alivuka themanini mwezi wa saba. Kwenye mtihani akawa wa kwanza, mia na ishirini na sita, makosa manne. Mkuu akamfanya mwalimu msaidizi. Akapata chumba chake mtaa wa pili, akachukua nguo zake na redio kubwa. Mama Birika akabaki na redio ndogo ya stooni na kitanda ambacho sasa kilikuwa kipana mno. Aliendelea kulala upande wa ukutani. Kuna jioni alijikuta anapangusa meza yake ya chumbani na kusimulia kwa sauti, maneno mia kwa dakika, hakuna wa kuandika. Alipojisikia, alinyamaza, akakunja kitambaa.

Ndipo ilipokuja habari ya fomu.

Fomu ilikuwa ya watahiniwa wa nje. Mtu yeyote, awe na cheti cha shule au asiwe nacho, angeweza kukalia mtihani wa mwendo, mradi Mkuu wa chuo atie saini, na mtu mmoja mwenye cheti cha hatimkato athibitishe kwamba amemwona mwombaji akiandika. Ilitolewa mara moja kwa mwaka. Mama Birika aliisikia ikisomwa darasani, akaiomba, na fundi viatu ndiye aliyemjazia, kwa kalamu ya kuchorea soli.

"Kazi unayoiomba niandike nini?"

"Andika mwandishi wa hatimkato."

Fundi aliandika, akaitazama. "Inapendeza," alisema. "Kuliko mhudumu."

Wakati huo mama huyo, kwenye mashine yenye kitufe kibovu, alikuwa anaandika taarifa ya habari nzima bila kuacha neno. Hakutaka makuu. Alitaka akae kwenye kiti siku moja, mlango ukiwa wazi, watu wakimwona, vidole vyake vikifanya kile vilichokuwa vikifanya gizani mwa stoo. Baada ya hapo, Mungu akipenda, kazi.

Mkuu aliipokea ile fomu kwa vidole viwili. Akamwita mwalimu msaidizi, kwa kuwa ndiye mwenye cheti aliyekuwa karibu. Akamtuma Mama Birika chai. Na Mama Birika aliporudi na trei, mlango ulikuwa nusu wazi, akasikia.

"Huyu mama wa usafi, anasema anaweza mashine. Wewe umewahi kumwona akiandika?"

"Huyo?" Chiriku alisema. "Huyo hufuta vumbi tu."

Kisha vile vicheko viwili.

Na tukisema kweli, mtoto hakusema uongo. Alikuwa akifuta vumbi. Alifuta vumbi miezi saba, kwenda na kurudi, maneno mawili, mpaka mwingine akapata cheti.

Mama Birika aliingia, akamimina chai, akauliza kama sukari inatosha. Fomu ilikuwa chini ya chupa ya gundi. Akashuka ngazi kumi na tisa, akaingia stooni, akavuta kiti, na akiwa bado na aproni aliyaandika yote kama alivyoyasikia, kuanzia "huyu mama wa usafi" hadi mwisho. Akaukata utepe, akaukunja, akautia kwenye mkebe wa biskuti. Fundi viatu alisikia mapigo kupitia ukuta. Safari hii mkono haukusita hata mara moja.

Mwaka mzima alikaa kimya, na pengine angekaa kimya mpaka leo. Kilichomtoa ni karatasi.

Ilibandikwa juu ya ngazi, na mwanafunzi mpya, kijana wa kike aliyeitwa Miwani kwa sababu vioo vya miwani yake vilikuwa vinene kama vitako vya chupa, alikuwa akiisoma kwa sauti ili aikariri. Mama Birika alikuwa anapanda na trei.

"'Chai ikimwagika ngazini,'" Miwani alisoma, "'usisimame kuitazama. Peleka vikombe vilivyobaki.'" Akageuka. "Shikamoo, mama. Umesikia hiyo? Mwalimu msaidizi ana kichwa. Sijui hii ya trei aliitoa wapi."

"Marahaba. Endelea."

"'Mfuate msemaji kama mtu kwenye umati, usimkanyage kisigino.' 'Jina lililokupita liache liende zake.'"

"Hapo hajasema neno hilo ni la nani?"

"La nani vipi? Chini kuna jina lake yeye. Na Mkuu amesema zitachapwa kijitabu, zipelekwe vyuo vyote, ziwatie moyo wanafunzi."

Mama Birika alisimama ngazi ya kumi na saba mpaka chai ikashika utando. Sasa alielewa. Siku zote alidhani amekanwa kwa aibu, na aibu ya mtoto mtu huimeza. Kumbe amekanwa kwa hesabu. Mtu akijua nani kafundisha, kijitabu kitakuwa cha nani?

Jumapili baada ya usafi alibeba mkebe wake, akaenda mtaa wa pili. Chiriku alikuwa akipiga pasi.

"Mamkubwa. Karibu. Ungenituma tu ningekuja."

"Mwaka na zaidi hujaja, ningekutuma na nani?"

Chiriku akaweka pasi pembeni, akavuta kiti. Mama Birika hakukaa. Alifungua mkebe, akatoa utepe, akamnyooshea.

"Soma."

"Nini hiki?"

"Wewe si mwalimu? Leo si Ijumaa, lakini soma."

Chiriku aliufungua. Mwanzo alisoma kama anavyosoma darasani, sauti ya juu, bila kufikiri. "'Huyu mama wa usafi, anasema anaweza mashine...'" Sauti ikashuka. Lakini mikono iliyozoea haisimami, na jicho lililozoea haliachi mstari, naye aliendelea, silabi kwa silabi, hadi kwenye maneno yake mwenyewe. Alikuwa akitafuta pa kukwama. Hapakuwa na pa kukwama. Kisha akafika kwenye pigo ambalo halimo kitabuni.

"Hili silijui," alisema.

"Hicho ni kicheko. Hakuna pigo la kicheko, nimetunga. Cha kwanza ni chako, kinachofuata ni cha Mkuu."

Chiriku alikaa kitandani. Nje mtu alikuwa anapiga deki baraza, maji yakipita chini ya mlango.

"Ungetaka niseme nini, mamkubwa?" aliuliza. "Ningesema ndiyo, angeniuliza wewe ulijifunzia wapi, na mimi nilijifunzia wapi. Nilikuwa na miezi miwili kazini."

"Ningesema nilijifunza kwa kukuangalia ukifanya mazoezi, nikipangusa meza. Uongo ningeutunga mimi, wewe ungetia saini tu."

"Sikufikiri."

"Ulifikiri. Karatasi ya ngazini inasema ulifikiri sana. Hata fundi viatu umemtoa."

"Nani fundi viatu?"

Mama Birika alimtazama mtoto wa mdogo wake. Hakika hakujua. Alipita mbele ya kibanda kile mara nne kwa siku.

Chiriku aliukunja utepe kwa mikunjo yake ile ile. Akasimama, akaurudisha kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka, na akasema polepole, karibu na sikio, kama mtu anayemwogopa mpangaji wa chumba cha pili:

"Imesomeka."

"Sikuja kuisikia hapa."

"Nitamwambia Mkuu. Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

"Kesho, mamkubwa. Kesho kutwa ni mwisho wa fomu, najua."

Jumatatu Mama Birika alivaa gauni lake la kutokea, aproni juu yake, likitokea lolote. Saa mbili Chiriku alipanda ngazi. "Habari za asubuhi, mama," alisema, kama anavyomsalimia yeyote, akapita. Saa nne chai ilipelekwa ofisini. Mkuu na mwalimu msaidizi walikuwa wakichagua rangi ya jalada. Saa kumi chupa ya gundi ilikuwa pale pale, juu ya ile fomu. Jumanne mwisho wa fomu ukafika, ukapita. Mwaka uliofuata ukaja, Chiriku akasema kijitabu kiko kwa mchapaji, asubiri kitoke. Kikatoka, jalada la kijani. Akasema asubiri maneno yapoe.

Mama Birika bado anafagia pale. Asubuhi redio ndogo inasema, mashine ya stooni inaandika, na ng'ambo ya mbao nyundo inagonga. Siku chache zilizopita alimkuta Miwani amekaa ngazini, utepe umezagaa miguuni kama matumbo ya mbuzi.

"Themanini," Miwani alisema. "Mwezi wa nne sasa, mama, nimenasa themanini."

"Wote hunasa hapo. Si ukuta huo, ni pale ngazi inapokata kona. Unapumua, unageuka, unapanda tena." Akaweka trei chini. "Onyesha mkono. Kucha hizi za nini?"

"Umejuaje mambo haya, mama?"

"Nafuta vumbi," alisema Mama Birika. "Njoo kesho alfajiri, viti vikiwa bado juu ya meza."

Miwani anakuja. Akipata cheti, huenda akatia saini, ni mtoto mwenye uso wa kutia saini. Lakini saini ya Miwani itakuwa wema wa Miwani. Haitafuta deni la mwingine.

Anayedaiwa anajulikana: ni mwalimu msaidizi wa chuo, aliyeitwa Chiriku alipokuwa analala upande wa nje wa kitanda kwa kuogopa ukuta. Anachodaiwa ni neno moja, ambalo tayari amelitamka chumbani kwake kwa kunong'ona, na sasa linatakiwa pale pale liliposemwa lile jingine: mbele ya meza ya Mkuu, mlango ukiwa wazi, utepe mikononi. Imesomeka. Kwa mwendo wa mtihani, maneno mia na ishirini kwa dakika, ni nusu sekunde.